Mtu Amesimama Mbele ya Rula

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, Mzee Tulia, mpiga picha wa Idara yetu, atakabidhi ufunguo wa chumba cha giza na kwenda nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja kamili ya utumishi. Ufunguo wenyewe umefungwa kwa uzi wa kofia yake ya zamani, na Stoo wameshanong'onezwa wasimdai ule wa akiba, kwani alishauzamisha baharini mwaka wake wa pili kazini na hilo linajulikana na kila mtu isipokuwa Ukaguzi.

Jina la Mzee Tulia alijipatia mwenyewe. Dereva akipiga honi karibu na stendi ya kamera, aliambiwa "tulia." Mhandisi Mkuu akitaka picha zake kabla hazijakauka, aliambiwa "tulia," kwa heshima lakini bila kuongezewa neno. Hata bahari iliambiwa. Kichekesho ni kwamba katika Idara nzima hakuna mtu asiyeweza kutulia kama yeye. Kiti alichopewa mwaka alioajiriwa bado kina nailoni ya dukani kwenye mgongo, na anayebisha aende akatazame.

Wasifu huu ulikuwa utoke wiki mbili zilizopita, na naomba radhi kwa kuchelewa. Kilichotuchelewesha ni picha ya jalada. Kamati ya hafla ilimpigia simu mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, kumuuliza ni zawadi gani ingemfaa mumewe. Wajumbe walikuwa wamejiandaa kusikia friji au saa ya ukutani. Shemeji akajibu kwamba friji anayo, saa anazo mbili, na zote mbili hazikubaliani. Anachotaka ni picha moja tu ya mumewe akiwa kazini.

"Miaka yote ananiaga anakwenda kazini," alisema, "na mimi sijamwona huko hata siku moja. Ukuta wenyewe mmeshaubomoa. Nitafutieni hata moja, nione hicho kilichomshika siku ile mwanangu anazaliwa."

Kamati ikakubali papo hapo, maana nani atashindwa kupata picha ya mpiga picha? Kazi ikaangukia Masijala, yaani mimi.

Kuhusu "siku ile," wengi wetu tumeisikia habari yake kwenye harusi na kwenye misiba, maana Shemeji huisimulia akicheka. Ilikuwa Novemba, mwaka wa nne wa Mzee kazini. Aliondoka nyumbani alfajiri, na hapakuwa na dalili yoyote. Jua lilipochomoza uchungu ukaanza, kaka yake Shemeji akampeleka hospitali ya wazazi, na mtoto akaja upesi kuliko walivyotarajia, wa kike, mzima. Kaka, ambaye ni fundi baiskeli, akapanda baiskeli kwenda kumwita baba mtu. Kutoka hospitali hadi gatini ni robo saa kwa magurudumu. Shemeji alilala akitazama mlango kwa zaidi ya saa nzima. Hatimaye mume akaingia, suruali imelowa hadi magotini, miguu mitupu, na neno lililomtoka lilikuwa moja tu: "Nimechelewa." Viatu vyeusi ambavyo Shemeji alimshoneshea kwa fundi kwa akiba yake mwenyewe, zawadi ya kazi mpya, havikuonekana tena tangu asubuhi hiyo. Alipoulizwa viko wapi, alisema vimepotea.

Basi Shemeji akafunga hesabu yake. Mume alipata habari, akamaliza kwanza picha yake, akakusanya vyombo vyake, akaja alipomaliza. Miaka ishirini na saba amelisema hilo kwa utani, na watu wamecheka naye. Lakini mtu akisikiliza vizuri, kicheko hicho kina mwiba ndani. Niliposikia sauti yake kwenye simu ya Kamati, nilijua hii si zawadi tu. Huyu mama anataka kujua alikuwa wa kwanza au wa pili.

Kwa faida ya vijana walioajiriwa baada ya ukuta kubomolewa, nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa.

Mzee aliingia Idarani tarehe mosi Julai akiwa na miaka ishirini na tisa, cheti kimoja na kofia mbili. Alikabidhiwa kamera ya filamu na maelekezo ya mstari mmoja. Kila mwezi, siku ya bamvua, yale maji makuu yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, wakati yamekupwa hadi mwisho wake, apige picha moja nyeusi na nyeupe ya ukuta wa gati pamoja na rula. Rula tulikuwa tukiita ule ubao mrefu uliopigiliwa ukutani, wenye namba zilizopakwa rangi, wa kuonyesha maji yamefika wapi. Wahandisi wangelinganisha picha za mwezi hadi mwezi na kujua ukuta unaendeleaje. Filamu nyeusi na nyeupe ilichaguliwa kwa kuwa haichuji.

Kwa maneno ni kazi nyepesi. Lakini bahari haikusoma maelekezo. Picha tano za mwanzo zilirudishwa na wahandisi zikiwa na wino mwekundu: "Maji yako wapi?" Na walikuwa na haki. Picha moja ilionyesha wimbi limepanda hadi namba nne, nyingine wimbi limeshuka hadi namba mbili, na kati ya hapo ni mapovu matupu. Huwezi kumpima mtoto urefu huku anarukaruka kitandani.

Ya sita aliipata kwa kosa. Asubuhi ya mawingu mazito aliifungua kamera, na kabla hajaifunga akaitwa na mtu wa Stoo kuweka saini ya viatu vya mvua. Stoo kulikuwa na chai. Kuna ubishi kuhusu vikombe. Yeye anasema kimoja, Stoo wanasema viwili na maandazi. Aliporudi aliifunika kamera huku akiwa na uhakika kwamba filamu imeungua, akaisafisha kwa sababu tu vyombo vilikuwa vimeshatayarishwa.

Mliowahi kuiona Namba 6 mnajua kilichotoka. Mawimbi yote yaliyopita katika dakika zile yalikuwa yamelaliana hadi yakawa kitu kimoja, cheupe, laini, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye sinia na kuachwa. Ukuta ulisimama ndani yake mweusi, kila jiwe likiwa na umbo lake. Mstari wa maji ulipita juu ya rula umenyooka, na namba ungeisoma bila miwani. Wahandisi waliirudisha na neno moja la wino mwekundu: "Hapo."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa dakika nne, kamera ikiachwa wazi muda huo wote. Jua likitoka, dakika nne zinaunguza filamu, kwa hiyo alikwenda karakana kumwomba fundi wa kuchomelea kipande cha kile kioo cheusi cha kukingia macho, akakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa ndani wa gurudumu. Fundi alikubali kukopesha, hakukubali kukiacha kioo peke yake. Kwa miaka na miaka, kila siku ya bamvua, alisimama kando ya kamera, mikono kifuani, kulinda mali yake, na kwa kukosa la kufanya akawa anahesabu dakika kwa sauti. Wawili hao walitoboa mashimo matatu kwenye zege la jukwaa, moja kwa kila mguu wa stendi, ili kamera isimame palepale kila mwezi.

Mimi ni mtu wa majalada, si mtu wa sanaa. Lakini ziko siku, kazi ikiwa nzito, nimeingia Chumba Namba Tatu, nikavuta droo na kutazama picha hizo moja baada ya nyingine bila sababu ya kikazi. Chumba kile hakina dirisha. Baada ya picha kumi unasahau kengele ya saa saba. Bahari ile haina sauti. Boti ndogo zilizofungwa gatini zimeyumba dakika nne nzima, kwa hiyo zimebaki kama pumzi kwenye kioo. Mawingu yamenyooka kama nyuzi. Kila mwezi ni bahari ileile na si ileile, na wewe uliyesimama na droo mkononi unajihisi umelala huku macho yako yako wazi. Nimewahi kukutwa humo na Afisa Utumishi nikiwa nimesahau kilichonileta, naye hakunikaripia, akavuta droo ya pili.

Kitu kingine unachokiona baada ya muda ni kwamba hakuna watu. Gati lile lilikuwa na wapakizi, wauza kahawa, abiria na mapaka. Wote walipita mbele ya kamera, na hakuna hata mmoja aliyebaki. Mzee alikuwa na msemo wake juu ya hilo, akiwaambia wageni wa Idara huku akifuta lenzi: "Kamera ya dakika nne haimwoni anayetembea." Anayepita kwa sekunde ishirini katika dakika nne anaacha alama ndogo kuliko vumbi. Anayebaki kwenye picha ni yule tu aliyesimama.

Na aliyepita kuliko wote ni yeye mwenyewe. Akishaifungua kamera, hakuweza kungoja karibu nayo kama fundi. Alivua viatu, akavishika kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, akashuka ngazi zenye utelezi hadi kwenye rula, akaisoma kwa macho yake, akaiandika kiganjani, akarudi. Viatu alivibeba kwa sababu Shemeji, alipompa vile vyeusi, alimkanya asiviache chini popote pale kazini, maana jozi iliyotangulia iliota miguu. Na hata vilipopotea vile, aliendelea kubeba kila jozi iliyofuata. Ndiyo maana wengi wetu, tukimkumbuka Mzee Tulia, tunaukumbuka mgongo wake, unashuka ngazi, na viatu vinaning'inia vidoleni.

Kuhusu mchango wake mkubwa, ripoti ya mwaka ule imeshaueleza kwa kurasa arobaini, mimi nitautaja kwa ufupi. Katika mwaka wa ishirini na tatu, Mzee aliweka mezani kwa Mhandisi Mkuu picha mbili, moja ya zamani na moja mpya. Katika ya zamani, mstari wa maji ulikwenda sambamba na safu ya mawe kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Katika mpya, safu ya mawe ilikuwa imeanza kuzama chini ya mstari kwa upande wa kulia. Mtaalamu mmoja aliyekodiwa kutoka nje ya Idara alisema wazi kwamba kamera ilikaa upande. Mzee alimchukua hadi jukwaani, akamwonyesha mashimo matatu kwenye zege, na kwa mara ya kwanza tunayoijua akazungumza sentensi mbili mfululizo. "Kamera haijasogea. Na maji hayajui kukaa upande, kwa hiyo kilichokaa upande ni ukuta."

Sehemu ile ikafungwa kwa kamba, abiria wakahamishiwa gati la pili, na kulikuwa na manung'uniko mengi kwa sababu gati la pili ni mbali na choo. Miezi mitano baadaye, alasiri ya upepo, mita ishirini na mbili za ukuta zilikwenda chini kwa mpigo, na juu yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Hayo ndiyo maziwa ya Mzee, yale ambayo baadhi ya watu waliyacheka kwamba ni picha za ndoto.

Oktoba mwaka jana ukuta wote wa zamani ulibomolewa, pamoja na ngazi na rula. Mpya una mtambo unaojisomea maji wenyewe. Picha ya mwisho ya Mzee ni Namba 364. Miezi iliyobaki ameitumia kupanga droo na kumfundisha mtu wa mtambo jinsi ya kuufuta chumvi, kazi ambayo mtambo haujui.

Sasa turudi kwenye jalada.

Nilianza na Namba 1 nikaenda hadi 364. Nilitumia kioo cha kukuzia na taa ya meza, siku nne, na chafya nisizoweza kuzihesabu kwa sababu ya vumbi. Mzee hayumo. Mahali pa rula, ambapo alisimama kila mwezi kwa miaka thelathini na ushei, hapana hata kivuli. Yangeyange mmoja mwenye tabia ya kutua juu ya rula na kutafakari ameingia katika kumbukumbu za Idara mara tatu, shingo, mdomo na yote. Mpiga picha wetu, sifuri. Picha yake ya kitambulisho tunayo, lakini hiyo anaonekana kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika, na Shemeji alishasema hataki ya kitambulisho.

Nakiri nilikata tamaa. Nilimwandikia mwenyekiti wa Kamati kwamba Masijala imeshindwa, na nikapendekeza saa ya tatu ya ukutani. Nilihuzunika kweli. Niliona kama tumemtumia mtu miaka thelathini na moja na kumrudisha nyumbani kwake bila risiti.

Kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa masijala. Nilitafuta mahali palipopangwa vizuri. Ijumaa, nikiandika orodha ya makabidhiano, niliifungua rejista ya Mzee yenyewe, ile ya jalada la kijani, ili nihakikishe idadi. Mwandiko wake ni mdogo na umesimama wima. Nilipofika mwaka wa nne nikakuta mstari huu:

"Na. 41. Imeharibika. Mtu amesimama mbele ya rula. Imerudiwa kesho yake."

Nilisoma mara mbili. Namba 41 ni Novemba. Niliyoitazama kwenye droo ilikuwa ile ya kurudia, na tarehe yake, nilipoichungulia tena, ilikuwa ya siku inayofuata. Katika miezi yote mia tatu sitini na minne, huo ndio mwezi pekee ambao picha haikupigwa siku yake.

Kanuni za Idara zinakataza kutupa filamu yoyote hata ikiharibika, na kwa mara ya kwanza maishani niliibariki kanuni. Juu ya kabati, nyuma ya feni mbovu, kuna boksi la bati limeandikwa "Zisizofaa." Ndani yake kulikuwa na bahasha tisa. Lenzi yenye ukungu, ndege, mvua, ndege tena. Ya tano ilikuwa 41. Niliipeleka mwenyewe chumba cha giza, na kwa kuwa mwenye chumba hakutakiwa kujua, nilimwomba fundi wa kuchomelea anisaidie kuisafisha, maana amekaa na Mzee humo muda wa kutosha kuiba ujuzi. Tuliiweka karatasi kwenye trei chini ya ile balbu nyekundu na kungoja.

Ukuta ulitoka kwanza. Halafu bahari, nyeupe, imelala. Halafu mbele ya rula akatoka mtu, taratibu, kama anayerudi kutoka mbali. Unamwona na unauona ukuta kupitia kwake, mawe yanapita kifuani, namba za rula ziko begani. Uso umegeukia juu, kwenye ngazi. Mikono yote miwili iko wazi. Huko juu ya ngazi kuna ukungu wa kijivu usio na umbo. Na chini, kwenye kidato cha mwisho, kando ya miguu inayopitisha mwanga, kuna jozi ya viatu vyeusi. Vimetoka wazi kabisa, mpaka tundu za kamba unaweza kuzihesabu.

Fundi alikuwa wa kwanza kusema. Nayaweka maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa ndiye shahidi pekee aliyekuwa kando ya kamera asubuhi ile. "Hee! Hii si siku ile ya shemejiye wa baiskeli? Jamaa kaja mbio na baiskeli, kasimama pale juu anarukaruka, anapiga kelele, 'Binti! Binti! Wote wazima!' Ndiyo huo ukungu. Huyu bwana akaachia viatu hapohapo. Akasimama. Mimi nahesabu, yeye kasimama tu. Dakika na nusu nzima, nikadhani kapatwa na kitu. Halafu akatoka mbio, hata hakunitazama. Kamera nimeifunika mimi zilipotimia nne, nikavichungulia vile viatu, nikasema atavirudia. Bamvua hailazi damu. Kufika saa tano maji yamekwisha kuvibeba."

Nikamuuliza, kama alitoka mbio hivyo, ilikuwaje akafika baada ya saa nzima. Fundi akacheka hadi akashika ukingo wa trei. Mnyororo wa baiskeli ulikatika pale pale getini, na wale wawili wakaenda kwa miguu, mmoja mitupu. Nilimpigia simu kaka yake Shemeji kuthibitisha. Kwanza alitaka kujua nani kaniambia. Kisha akakiri, akaniomba nisiliandike, kwa sababu mganga hajigangi lakini fundi baiskeli kukatikiwa mnyororo na baiskeli yake mwenyewe ni aibu ya ukoo. Nasikitika kwamba Masijala haifichi kumbukumbu.

Kwa nini Mzee hakusema? Sijamuuliza, kwa hiyo haya ni ya kwangu. Kuiacha kamera ya Idara na kukimbia lilikuwa kosa la kikazi, na kwenye rejista asingeweza kuandika "mimi," ndipo akaandika "mtu." Na nyumbani, nadhani, aliona haya. Kijana aliyeletewa habari kama ile alipaswa kuruka ngazi tatu tatu. Yeye miguu ilikataa. Alijihesabia ile dakika na nusu kuwa deni, akaja akalitaja kwa neno moja, akanyamaza.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwao wakati yeye yuko sokoni. Nilifuatana na binti yao, yuleyule, ambaye sasa ni mwalimu na ana miaka ishirini na saba, na ambaye baba yake tangu utotoni humwita Bamvua bila kumweleza mtu kwa nini. Shemeji alikuwa akipiga pasi. Akaizima, akafuta mikono ambayo haikuwa na maji, akavaa miwani, akaipokea picha kwa ncha za vidole.

Nilimsimulia yote, mnyororo pamoja nao. Sijui alisikia kiasi gani. Alimtazama yule mtu aliyesimama kwa muda mrefu sana. Binti yake akaniangalia, nami nikaangalia pasi. Kisha Shemeji akashusha kidole hadi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi.

"Viatu vyangu," alisema. "Kumbe aliviangusha."

Hakucheka safari hii. Alivua miwani, akaivaa, akaivua. Halafu akatuambia tunywe chai, na kwamba ile picha haitoki tena kwenye nyumba hii, sisi wa Idara tujichapie nyingine.

Tumejichapia nyingine, na ndiyo iliyoko kwenye jalada la programu hii. Wasiomtambua wasijilaumu, hata kamera ilimtambua kwa shida. Rejista pia imerekebishwa. Kwa idhini ya Mhandisi Mkuu, neno "Imeharibika" limepigwa mstari mmoja, na pembeni pameandikwa, kwa wino mwekundu kama zamani, "Hapo."

Mzee Tulia, hadi tunapokwenda kuchapa, wewe hujaiona. Utaipata mezani kwako siku ya hafla, mbele ya mkeo, naye ameniomba nikuarifu kwamba ana neno na wewe, na kwamba ni neno jema. Kwa mashimo yako matatu kwenye zege, kwa watu wasiokuwa juu ya ukuta alasiri ile, na kwa bahari zote mia tatu sitini na nne zilizolala kwenye droo zetu, Idara inasema asante. Zawadi yako imefungwa kwenye boksi. Ni jozi moja, nyeusi, ya kushonwa kwa mkono, na namba ya mguu tumepewa na anayeijua.

Tunakuombea siku nyingi na njema, zisizo na kengele. Nenda kavivae viatu, Mzee wetu. Usivibebe tena. Na pale nyumbani, mbele ya huyo aliyekungoja, simama kidogo akuone.